Jenereta ya Mwenye Pampu

Jenereta zilikuwa mbili, zote nyekundu, zote zimekwaruzwa pale pale kwenye tangi, utadhani zimelelewa nyumba moja. Moja ilikuwa ya mama yangu. Nyingine ilikuwa ya mwenye pampu, mzee anayeosha magari karibu na njia panda na kuvuta maji yake kisimani. Nilizifanyia kazi pamoja asubuhi ile, chini ya bati la karakana yangu. Karakana yenyewe ni ubavu wa nyumba niliomnyang'anya mume wangu alipotaka kuegesha gari.

Nilimwaga oili chafu nikatia mpya. Nikachomoa plagi na kuzipiga brashi. Chujio la hewa la mwenye pampu lilikuwa limejaa mchanga, sijui analitumia kuchekechea nini. Nikafungua kabureta, nikapuliza vitundu, nikafunga. Hiyo ni kazi ya mikono, unaweza kuifanya huku unagombeza watoto kwa simu. Kazi ya akili huja mwishoni, kwenye skrubu ya mwendo.

Jenereta hizi ndogo hazina kifaa cha kusawazisha umeme. Umeme unafuata injini. Injini ikikimbia, volti zinapanda. Injini ikilemewa, zinashuka. Ndiyo maana kabla sijagusa skrubu namuuliza mteja: unawasha nini? Wengine wanadhani ni umbea. Siyo umbea. Jenereta iliyowekwa kwa ajili ya mzigo mzito, ukiichomekea kitu chepesi, itakitia umeme mpaka ikikaange.

Ya mwenye pampu ndiyo ilikuwa hivyo hasa. Pampu yake ni nzito, inaikaba injini koo, na springi ya kuongoza mwendo imechoka, nyingine sijaipata. Nikamkazia skrubu ili pampu ikiwaka apate volti za kutosha.

"Hii ni ya pampu tu," nilimwambia alipoileta. "Usichomeke hata redio."

"Redio nitasikiliza kwa jirani, Mama Jenereta."

Ya mama niliitegesha taratibu, mwendo wa pole, kwa sababu mama anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mapafu yake yamechoka. Anakaa na mdogo wangu, fundi cherehani, upande wa pili wa mji, na mashine ile ndogo yenye magurudumu inavuma kando ya kitanda chake usiku na mchana. Stabilaiza iliyokuwa inailinda ilikufa wiki iliyopita, na niliyoagiza haijafika. Siku hiyo watu wa umeme walikuwa wametangaza kwamba watakata kuanzia saa sita mpaka jioni, wabadilishe nguzo.

Kwa hiyo nilimpigia mdogo wangu mapema.

"Shemeji yako analeta jenereta. Umeme ukikatika, unawasha. Unachomeka mashine ya Mama na balbu moja. Basi. Hakuna cherehani, hakuna pasi, hakuna ujanja."

"Ndiyo, Dada."

"Rudia."

"Dada, mimi si mtoto."

"Rudia."

Akarudia, kwa sauti ile ya mtu anayemeza dawa chungu.

Nilipomaliza ya mama nilifunga tambara jeupe kwenye mshikio wake, nikamwambia mume wangu, "Ipeleke kwa Mama, iko tayari, nimeiweka alama." Nikaingia ndani kuoga, maana oili ilikuwa imenifika viwikoni. Nikasikia pikapu inaondoka. Nikapika, nikala, nikakunja nguo. Nilikuwa nimetulia kabisa. Ndilo linaloniuma hadi leo.

Saa sita ikapita, feni ya sebuleni ikapungua mwendo, ikasimama. Umeme umekatika. Muda si mrefu mwenye pampu akaingia uani na gari lake jeupe, dogo, kuukuu, linalong'aa kama sahani.

"Mama Jenereta! Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

"Huyo hapo, mzee, njoo tu—"

Sikumaliza. Jenereta iliyobaki chini ya bati ilikuwa na tambara jeupe kwenye mshikio.

Nilisimama nikilitazama tambara lile kama mtu aliyemkuta nyoka kwenye kiatu. Kisha nikampigia mume wangu.

"Umepeleka ipi?"

"Ipi nini?"

"Jenereta! Umempelekea Mama ipi?"

"Ile nyekundu."

"Zote nyekundu!"

"Basi ile iliyokuwa haina tambara. Yenye tambara nikajua bado hujaimaliza. Si kila siku ukifunga kitu tambara unatutangazia kwamba mtu asiguse?"

Ni kweli. Katika nyumba yetu tambara maana yake ni mikono mbali, mimi bado nakifungua kitu hicho. Watoto wanajua, paka anajua. Na mimi mwenyewe, mwenye diploma ya umeme ukutani, siku hiyo moja nikalifanya tambara liwe na maana nyingine bila kumwambia mtu.

"Uko wapi?"

"Huku bohari, napakia saruji. Kuna nini? Nimeijaribu pale, imewaka mara moja, imenguruma vizuri sana."

"Ndiyo ubaya wake," nikasema, nikakata.

Nikampigia mdogo wangu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, ikaita. Nikapiga tena, ikakatwa. Ikakatwa! Maana yake alikuwa ameishika mkononi. Nikaandika kwa herufi kubwa: ZIMA JENERETA. Nikangoja jibu. Hakuna.

"Mzee," nikamwambia mwenye pampu, "mtoto wako yuko kwa mama yangu, na anaweza kumuua. Nipeleke."

Alinitazama usoni, akafungua mlango wa gari bila kuuliza.

Ile nyingine sikuibeba. Kuinyanyua, kuifunga, kuishusha, yote hayo ni muda. Nikanyakua bisibisi na mita ya kupimia umeme, nikakaa mbele.

Tatizo la mwenye pampu ni kwamba gari lake analipenda. Barabara ya kwa mama ina madimbwi, naye kila dimbwi alilizunguka kama bibi harusi anayeinua gauni. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Mashine ya oksijeni, na balbu. Mzigo mwepesi. Volti zitakuwa zimefika wapi? Nilizijua. Niliziona mwenyewe kwenye mita asubuhi, kabla ya kuweka mzigo wa majaribio, nikasema moyoni: afadhali hii si ya mtu mwenye vitu vya maana.

"Mzee, kanyaga!"

"Gari nimeliosha leo."

"Nitaliosha mimi! Nitalilamba nikilazimika! Pita humo humo!"

Akafumba macho, nadhani alifumba kweli, akapita humo humo. Matope yakaruka mpaka kioo cha mbele. Tangu hapo hakukwepa tena kitu. Nikaendelea kupiga simu. Inaita. Inaita. Inakatwa. Nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo kwa majina yote niliyowahi kumwita utotoni, na hayakuwa machache. Kisha nikaogopa. Labda hapokei kwa sababu amemkumbatia Mama. Labda anaikata kwa sababu mikono yote miwili ina kazi.

Nyumba ya mama iko mwisho wa kichochoro, ina dirisha la chumba linalotazama uani. Nilishuka gari halijasimama. Jenereta ilikuwa pale uani, mbali na ukuta kama nilivyowafundisha, moshi unaelekea uzio, waya wa soketi ya chumbani umevutwa dirishani hadi kwake. Ilikuwa inanguruma. Nikasimama kusikiliza, kwa sababu sikio langu lilikataa kuamini. Mngurumo ulikuwa mzito, wa injini iliyobeba mzigo. Haukuwa ule wa kupiga kelele.

Nikatazama dirishani. Balbu ilikuwa inawaka njano, kawaida kabisa. Mama amekaa kitandani, mrija puani, anachambua mchele kwenye sinia. Mzima. Na mdogo wangu ameinama kwenye ndoo kubwa ya maji, ameshika waya. Ndani ya ndoo kulikuwa na hita, ile koili ya chuma ya kuchemshia maji, inayokula umeme kuliko vitu vyote vya nyumba ile ukivijumlisha.

Alikuwa amechomeka hita! Nilimkataza pasi, nilimkataza cherehani, sikufikiria hata kuitaja hita, na hita ndiyo iliyokuwa inaikaba ile injini koo na kuzishikilia volti chini. Kutosikia kwake ndiko kulikokuwa kunampa Mama pumzi.

Hapo ndipo alipoinua macho akaniona.

Namjua mdogo wangu tangu akiwa anatambaa. Akiniona ghafla huku ameshika kitu, anakificha. Alifanya hivyo kwa biskuti, kwa barua za wavulana, kwa mkasi wangu wa kukatia waya. Niliona mkono wake ukienda kwenye soketi.

"Usichomoe!" nikapiga kelele. "Usi—"

Kelele yangu ndiyo iliyomharakisha. Akachomoa.

Injini ikaruka mwendo kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Balbu ikageuka nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, ikapasuka. Mashine ya oksijeni ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Nilikuwa nimesikia mvumo wa mashine ile kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kuusikia. Ulipokatika, chumba kizima kilikuwa kama kimeshikwa pua.

"Nilikuwa nataka kuichomoa!" mdogo wangu alisema, hita bado inachuruzika maji mkononi mwake. "Wallahi nilikuwa ndiyo nataka kuichomoa, Dada, maji yalikuwa—"

"Chomoa mashine ya Mama! Chomoa kila kitu!"

Akachomoa. Mama aliweka sinia kando polepole. Aliuvuta mrija kutoka puani, akautazama kama unavyotazama kalamu iliyoishiwa wino.

"Haina kitu," akasema.

"Mama, usiongee. Kaa wima. Pumua kwa pua, taratibu."

"Tengeneza unachotengeneza," akasema, kila neno na pumzi yake. "Mimi nipo."

Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Nikampitishia mdogo wangu mita dirishani.

"Ingiza hizo ncha mbili kwenye soketi. Nisomee namba. Usiguse chuma."

Nikakimbia kwa jenereta. Skrubu iko ubavuni, karibu na bomba la moshi, na bomba lilikuwa limechemka. Nikajiunguza kifundo cha mkono, nikaendelea. Nikalegeza robo mzunguko.

"Ngapi?"

Kimya. Yaani si kimya. Midomo yake ilikuwa inacheza, ila sauti haikutoka nje ya dirisha. Mdogo wangu akiogopa anaongea kama anayeungama.

"Ngapi? Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

Midomo ikacheza tena.

"Unasoma au unaomba dua? Mama anakosa hewa, wewe unanong'ona! Sema, una nini wewe, siku zote—"

"Nyamaza nisome!"

Hata mwenye pampu aliyekuwa getini alishtuka. Mdogo wangu alikuwa mwekundu macho, mita ameishika kwa mikono miwili.

"Nyamaza, Dada! Namba zinacheza na wewe unabwata! Mia mbili themanini na moja! Haya! Mia mbili themanini na moja!"

Nikafunga mdomo. Nikalegeza.

"Mia mbili sabini!"

Nikalegeza.

"Mia mbili hamsini na tano! Hamsini na tatu! Imesimama hapo."

Springi mbovu ile, ukiilegeza kidogo haisikii, ukiizidishia inaporomoka. Nikaishika kwa kidole, nikazungusha kwa unywele. Injini ikaanza kupumua vizuri. Nilikuwa nasikia kikohozi cha Mama ndani, kikavu, kifupi, kinafuatana.

"Arobaini. Mia mbili arobaini. Thelathini na nne. Dada, thelathini! Acha! Hapo hapo!"

Nikaacha. Nikaingia ndani mbio, nikachomeka mashine ya oksijeni, nikabonyeza swichi.

Haikuwaka.

Nikabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna mlio. Mdogo wangu alianza kulia bila sauti. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mabega yanapanda na kushuka, kiganja kimetanda juu ya mchele. Nilitaka kuipiga mashine ngumi. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na wa kumlaumu alikuwa amefunga tambara kwa mikono yake mwenyewe.

Akili ikarudi. Niligeuza mashine. Nyuma, chini kabisa, karibu na waya, kuna kitufe kidogo cheusi cha usalama. Kilikuwa kimeruka nje. Kazi yake ni hiyo, kuruka kabla mambo hayajaharibika, na sasa sikujua kama kiliruka mapema au kilichelewa. Nikakibonyeza kikarudi ndani. Nikawasha.

Mlio mfupi. Taa nyekundu. Sekunde ndefu isiyo na aibu. Kisha taa ikawa kijani, na mvumo ukaanza, kwanza kwa kusitasita, halafu ule ule.

Nikamvisha Mama mrija mwenyewe. Mdogo wangu akambana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, tukakitazama sote watatu kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Themanini na moja. Themanini na moja. Themanini na tatu. Tuliendelea kukitazama mpaka namba ilipovuka tisini. Hapo Mama akavuta sinia lake, akaendelea kuchambua.

"Simu ilikuwa inalia," akasema baadaye kidogo, macho kwenye mchele. "Nikamwambia, pokea, ni dada yako. Akasema ngoja kwanza maji yachemke."

"Nilituma na ujumbe," nikasema.

"Sikuufungua." Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, karibu na ndoo. "Hita nilikuwa nimeichomeka tangu umeme upo. Jenereta ilipowaka nikaiacha iendelee, Mama alitaka kuoga. Nikaona unapiga. Nikasema, kashajua. Anataka kuniuliza nimechomeka nini."

"Nilitaka kukuambia uzime jenereta."

"Hilo ungeniambia la pili," akasema. "La kwanza lingekuwa nimechomeka nini."

Angepokea, ningeuliza hilo kweli. Na yeye angekimbilia kuichomoa hita kabla hajanijibu, jambo lile lile lingetokea, mimi nikiwa upande wa pili wa mji na bisibisi yangu.

Mwenye pampu alibisha hodi dirishani. "Sasa mtoto wangu ndiyo amehamia huku?"

"Kwa leo, mzee. Nisamehe. Kesho asubuhi nakuwekea vyote upya, na gari lako nitaliosha mimi."

"Wewe?" Akacheka. "Ulivyo na haraka, utaling'oa rangi." Akampungia Mama mkono, akaondoka na matope yake.

Maji ya kwenye ndoo yalikuwa vuguvugu tu. Mdogo wangu aliyatia kidole, akaitazama hita, akanitazama mimi.

"Hapana, usi—" nikaanza, na sauti ikatoka ile ile. Mabega yake yakapanda mpaka masikioni. Niliyaona. Sijui kama nimewahi kuyaona kabla, au huwa nakuwa nimeshageuka.

Nikaanza upya.

"Jenereta nimeilegeza," nikasema. "Sasa hivi haiwezi kubeba hita na mashine kwa pamoja. Itazidiwa, na mashine ya Mama itazima. Nipe sufuria kubwa nichemshe kwenye gesi."

"Sema hivyo basi," akasema. "Kumbe ina sababu."

"Kila kitu kina sababu."

"Huwa husemi."

Nilichemsha maji. Nikambeba Mama hadi kwenye kiti, mrija ukimfuata, nikaanza kumwosha miguu, maana kuoga mwili mzima nilikataa na yeye alikuwa hana nguvu za kubishana. Ngozi ya nyayo zake ilikuwa baridi, ikawa inapata joto kidogokidogo chini ya mikono yangu. Kila injini ilipobadilisha sauti hata kwa chembe, niliacha kusugua, nikasikiliza. Mama alikuwa ananingoja, haulizi.

Mdogo wangu alivuta kigoda akakaa karibu na soketi na mita yake mapajani. Sikumtuma.

"Mia mbili ishirini na nane!" akapaza sauti, na mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. "Ishirini na tisa! Inasimama vizuri!"

"Nimesikia," nikasema.

"Nasema ili usikie zaidi," akasema, akaendelea kusoma.